Kengele ya Rimu na Mkataba wa Jikoni

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inia kwa mnyororo kwenye mti wa mgrevilea mbele ya ofisi, na mpigaji wake alikuwa mimi. Nilikuwa na kipande cha nondo nilichokichomeka chini ya bati la jiko ili wanafunzi wasikichezee. Nikipiga, milango ya madarasa inafunguka na watoto wanamwagika uwanjani na sahani zao. Nikipiga tena, wanarudi. Walimu nao wanarudi. Hata mkuu wa shule, mtu mnene mwenye haraka, alikuwa anakatiza sentensi yake akisikia nondo yangu.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinifurahisha hadi usingizini. Sauti yangu ilikuwa haivuki meza. Nyumbani kuna siku nilikula ugali mtupu kwa sababu bakuli la mboga liliwekwa mbali na nikaona aibu kuomba lisogezwe. Shule ya msingi, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nilikuwa nalijibu moyoni, halafu mwenzangu anapigiwa makofi. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikuwemo kati ya waliochaguliwa kuendelea, nikataka kuuliza kama labda limesahauliwa, na hilo nalo nikaona aibu kuliuliza. Sasa mtu wa namna hiyo mpe rimu ya lori na shule nzima ya kumwitikia! Nilikuwa napiga, halafu nageukia ukutani ili watu wasione ninavyocheka.

Miaka ile tulikuwa bado tunajizoesha kuandika Manyara, jina la mkoa mpya, kwenye bahasha badala ya Arusha, na kila kata ilikuwa inahangaika kujenga sekondari yake. Yetu ilijengwa upande wa Tumati, kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo siku ya hewa safi unauona mlima Hanang ng'ambo kule kama umewekwa na mtu makusudi. Madarasa hayakuwa na dari, lakini jiko lilikuwepo, na jikoni tulikuwa vibarua watatu.

Wa kwanza alikuwa mama mpishi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mpana, mwenye kicheko ambacho kikianza hakijui njia ya kurudi. Wa pili alikuwa mzee wa punda, mtu wa bondeni, Mbarbaig, mwenye shuka na uso usiotoa siri. Yeye alileta maji kutoka mtoni kwa punda wake. Wa tatu mimi, mpasua kuni, mfagiaji, na bwana kengele. Tulilipwa kwa siku, siku nyingine hatukulipwa, lakini makande yalikuwa yetu sote na ukoko wa chini ya sufuria tuligawana kwa haki.

Mambo yalibadilika asubuhi moja mkuu wa shule alipoingia jikoni akiwa amefunga tai. Yeye alitoka mbali, sehemu ambazo hata mvua zake si za miezi yetu, na alikuwa amerudi jana yake kutoka kwenye semina Babati.

"Zama za kupeana kazi kwa kujuana zimekwisha," alituambia. "Sasa ni ushindani. Ni soko huria."

Mzee wa punda aliinua mkono kama mwanafunzi. "Soko hilo ni siku gani, mwalimu?"

"Soko lipi?"

"Hilo huria. Nina ndama nataka kumpeleka."

Mama mpishi aliinama nyuma ya sufuria, mabega yakitikisika. Mpaka leo sijui kama mzee hakuelewa au alikuwa anamtania mkuu.

Mkuu alieleza pole pole. Bodi ya shule imeamua kwamba maji, kuni na upishi viwe mkataba mmoja, wa mwaka mzima, mikononi mwa mtu mmoja. Tutashindana sisi watatu. Kila mmoja atapewa siku yake, afanye kazi zote peke yake, na wenzake wakae benchi wasiguse kitu. Siku ya Ijumaa bodi itakaa, itusikilize, na kumteua mmoja.

"Na kengele?" mama mpishi aliuliza, akinitazama kwa pembeni. Alinijua.

"Kengele inakwenda na mkataba."

Nilihisi kama mtu amenivua kofia kwenye baridi.

Siku hiyo hiyo simu iliniita. Si simu yangu, sikuwa nayo. Ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, na mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya choo cha walimu. Nilipanda jiwe. Alikuwa mjomba wangu kutoka Dirma, ndugu wa mama, anayefuga kule tambarare.

"Shikamoo mjomba."

"Nani? Ongea!"

"Shikamoo mjomba."

"Huyu mtoto yupo au huu ni upepo?"

Mwalimu alinionea huruma, akachukua simu. "Amekuamkia, mzee."

"Marahaba. Mwambie mchungaji wangu amekimbilia machimbo ya Mererani kutafuta mawe. Ng'ombe wamebaki na wanawake."

"Mjomba wako anasema mchungaji amekimbia," mwalimu aliniambia, ingawa mjomba alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba nadhani Masakta nzima ilimsikia.

"Mwambie kama ana kazi ya kueleweka, kazi yenye karatasi, abaki nayo. Sitaki kumharibia mtu. Lakini kama ni hivyo vibarua vya kupasua kuni, bora ng'ombe. Jumatatu nakuja mwenyewe. Nikimkuta hana karatasi tunaondoka naye."

Simu ilikatika. Mwalimu wa hesabu alishuka jiweni akanipiga bega. "Shinda basi," alisema, kama vile ni kitu cha kuokota.

Sina ubaya na Dirma. Maziwa yapo, mjomba si mkali kama anavyosikika, na ng'ombe wake ni wazuri. Lakini ng'ombe hawaitikii kengele. Wanaivaa shingoni.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mama mpishi. Kupika kwake hakuna aliyekutilia shaka, shida ilikuwa punda. Walikuwa punda wa tambarare, na walikuwa wanafuata mluzi wa mtu mmoja. Mama aliwasemesha Kiswahili. Aliwasemesha Kiiraqw. Aliwaimbia pambio. Mmoja akakunja miguu akalala chini pamoja na madumu yake.

"Simama, mpagani wewe!" mama alimfokea.

Mzee wa punda, pale benchi, alisema bila kumtazama mtu, "Hawajabatizwa, ni kweli."

Sasa, kwetu kukaa na kumtazama mwenzako akihangaika na kazi ni aibu kubwa. Mikono inakuwasha. Mtu akipita njiani akakuta jirani anapakia mawe, hata kama anakwenda hospitali, atainua mawe mawili matatu kwanza ndipo atoe salamu. Nilimwona mzee anavyosugua magoti yake. Mkuu wa shule alikuwa amesimama barazani, mikono nyuma, akisimamia ushindani.

"Naomba kwenda kujisaidia," mzee alisema.

Akapita nyuma ya ua wa minyaa. Haikupita muda, kutoka ndani ya ua ukasikika mluzi mwembamba, kama wa ndege mwenye mafua. Yule punda aliyelala akainua masikio. Akasimama. Mluzi ukatembea kufuata ua kuelekea mtoni, na punda wakatembea nao sambamba, na mama mpishi nyuma yao akiwa ameinua fimbo kama Musa.

"Mnaona?" alituambia akipita. "Wameshaokoka!"

Mluzi ulishuka nao bondeni, ukapanda nao. Maji yalipofika jikoni, mzee naye akatokea nyuma ya ua, anahema, miba imejaa kwenye shuka.

"Mzee, umekaa sana huko," mkuu alimwambia kwa wasiwasi. "Unaumwa?"

"Anaharisha, maskini," mama mpishi alijibu haraka. "Tangu jana."

Mkuu alikwenda mwenyewe ofisini kumletea dawa. Mzee aliimeza mbele yetu sote, uso haujabadilika hata kidogo, na mama alilazimika kutoka nje ya jiko. Nilimsikia anacheka akiwa amekumbatia ukuta.

Siku ya pili ilikuwa ya mzee. Maji yalikuja yenyewe, tuseme hivyo. Kuni alizipasua vizuri kuliko mimi. Lakini alikuwa hajawahi kupika hata chai. Alisimama mbele ya ile sufuria kubwa, mwiko mkononi kama mkuki, mahindi na maharage yanachemka, na mkuu wa shule yuko barazani.

Mama mpishi alikaa benchi karibu yangu. Nilimwona anakunja na kukunjua kitambaa chake. Mikono ilikuwa inamwasha. Halafu akafumba macho, akaanza kuimba kwa sauti ya pambio la mikutano.

"Punguza moto, ee moyo wangu, punguza moto..."

Mzee akavuta kuni mbili nje.

"Geuza, geuza, chini kunashika, geuza..."

Mzee akageuza.

"Chumvi bado, ndugu yangu, chumvi bado..."

Mzee akatia chumvi.

Uimbaji ulikuwa mzuri kiasi kwamba mkuu wa shule alishuka kutoka barazani akaja kupiga makofi. Wanafunzi wa darasa la karibu wakadaka sauti ya pili. Mwalimu wao naye akaacha kufundisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu pambio lina kiitikio, na kiitikio kinarudiwa. Kila walipofika "chumvi bado", mzee alitia chumvi. Mama alifumba macho, roho imempanda, hakuona kitu. Mimi niliona. Niliona kopo linavyoinuka na kushuka. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, namwomba Mungu anisamehe, nikapata sauti ya kusema "ma..." na kwaya ikanifunika.

Watoto walikula makande yale wakanywa maji yote ya shule. Walikunywa ya kunawia. Mchana mzee alikwenda mtoni na punda tena na tena, na kutoka madarasani tulisikia, wiki nzima, watoto wakiimba kwa chini chini: chumvi bado, ndugu yangu, chumvi bado.

"Dada," mzee alimwambia mama jioni ile, "wewe ungekuwa kwaya ya jeshi, watu wangekufa."

"Na wewe ungejua kuonja!"

"Wimbo haukusema onja."

Siku yangu ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa jikoni kabla ya jogoo. Punda walinijua kidogo, maana nilikuwa nawapa maganda, wakaenda na mimi mtoni bila mluzi wa mtu. Kuni ndiyo kazi yangu. Kupika nilikuwa nimetazama siku zote. Mama alikaa benchi akiwa ameufunga mdomo kwa kitambaa, kwa sababu mzee alimwambia, "Leo usiimbe, tafadhali, mtoto bado ana maisha."

Makande yangu hayakuwa mazuri wala mabaya. Yalikuwa makande. Tatizo lilikuja wakati wa kugawa. Mkuu alisema mwenye mkataba lazima aweze kuongoza foleni, na watoto walikuwa wamejazana mlangoni kama mbuzi kwenye kisima, wakubwa mbele, wadogo wanakanyagwa.

"Waamuru," mkuu aliniambia.

Nikasema, "Pangeni mstari." Nadhani nilisema. Hakuna aliyesikia, hata mimi sina uhakika.

"Mpishi! Nyama iko wapi?" mkubwa mmoja alipiga kelele, wote wakacheka.

Nilikimbilia kwenye mgrevilea. Nikapiga rimu mara moja, kwa nguvu. Wakanyamaza. Nikapiga tena, pole pole, ndo... ndo... ndo... na sijui walielewaje, lakini mguu ukafuata mguu, mstari ukajipanga kutoka mlango wa jiko hadi goli la mpira, wadogo mbele. Kila nikigonga, mmoja anachukua chakula na mstari unasogea. Mama mpishi alisahau sheria akaingia kugawa. Mzee naye akasahau akashika upawa wa pili. Wasichana wa nyuma wakaanza kucheza kwa mdundo. Mimi nikaongeza kasi kidogo, nao wakaongeza. Nikapunguza, wakapunguza. Shule nzima ilikuwa inakwenda mlangoni mwa jiko ikicheza, na mimi nilikuwa nimeushikilia mnyororo kwa mkono wa kushoto nisianguke kwa kicheko. Nilijua kwamba yawezekana ni mara ya mwisho. Labda ndiyo maana nilipiga vile.

Ijumaa bodi ilikaa katika darasa la kidato cha kwanza. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee wa pale pale kwetu, mwenye koti refu na kofia. Tuliingia, tukatoa shikamoo kwa kila mmoja, tukaketi kwenye madawati ya wanafunzi. Mama mpishi dawati lilimbana.

Kabla sijaendelea, nieleze desturi moja. Kwetu mtu hajisifu mbele ya wazee. Ukiulizwa kama shamba lako limetoa vizuri, unasema, "Hapana, kidogo tu, labda la jirani." Jirani akiulizwa, anasema lake ni magugu, waende wakaone la kwako. Kila mtu anasifiwa, lakini kwa mdomo wa mwingine. Ukijisifu mwenyewe, hata kama ni kweli, watu watatazama chini na hawatakusahau.

Mkuu wa shule hakulijua hilo. Alisimama, akarekebisha tai, akasema, "Sasa kila mmoja aiambie bodi kwa ukweli: nani anafaa kupewa mkataba huu? Tuanze na mama."

Mama mpishi alisimama pamoja na dawati, akalivua, akasema, "Mimi, wazee wangu, sijui kitu. Napika pika tu. Anayefaa hapa ni huyu kijana. Mtulivu, hachoki, hana maneno."

Kisha akakaa, akimtazama mzee wa punda kwa matumaini.

Mzee alisimama. "Mimi ni mtu wa porini," alisema. "Nilitia chumvi, mlionja wenyewe. Anayefaa ni kijana. Hata punda wamemkubali."

Akakaa, akimtazama mama mpishi. Mama alikuwa ameacha kutabasamu.

"Na wewe, kijana?"

Nilisimama. Niliona kofia ya mwenyekiti, ubao, chaki, nzi mmoja juu ya chaki. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri kuwasifu wote wawili kwa maneno mengi. Yakatoka machache.

"Mama anajua kupika," nilisema. "Baba ana punda."

Nikakaa.

Mkuu wa shule alipiga makofi. "Basi! Ushindani wa haki kabisa. Wenzake wote wawili wamemtaja yeye. Wanamjua kuliko sisi. Mkataba ni wa kijana!"

Mama mpishi alifungua mdomo akaufunga. Mzee wa punda alitazama dirishani, kule uliko mlima. Wajumbe wote wa bodi, watu wa kwetu, walielewa vizuri kabisa kilichotokea, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukisema. Mama angesemaje? Kwamba alinisifu kwa adabu tu na anayefaa ni yeye? Heri apoteze mkataba. Mwenyekiti alivua kofia akaifunika usoni kama mtu anayesali, lakini niliona kofia inatikisika.

"Bodi... bodi inakubali," alisema kutoka ndani ya kofia.

Nje, mama alimgeukia mzee. "Kwa nini umemtaja mtoto?"

"Wewe kwa nini umemtaja?"

"Nilijua wewe utanitaja mimi!"

"Na mimi nilijua wewe utanitaja mimi!"

"Sasa ningekutajaje, na wewe ndiye niliyekuwa nashindana naye? Nikikusifu, si unashinda?"

"Basi hata mimi niliona hivyo hivyo."

Walitazamana. Kisha wote wakanigeukia mimi, nikiwa na karatasi mkononi, wino wa jina langu bado unang'aa. Nilitaka kusema chukueni. Nilikumbuka Dirma. Nilitaka kusema samahani, kumbe hata sijui samahani ya nini. Mama aliondoka kwa njia ya kanisani, mzee kwa njia ya bondeni, na punda wakamfuata.

Jumamosi na Jumapili nilitembea na karatasi ndani ya shati kama dawa ya kifua. Nilikuwa na mkataba! Nilikuwa na kengele mwaka mzima! Nikikumbuka hivyo naruka shimo la njiani bila sababu. Halafu nakumbuka kwamba sina punda wala kwaya, na sufuria ile inahitaji watu wawili kuiteremsha motoni. Mkuu wa shule alikuwa ameniambia, "Siku chakula kikikosekana, karatasi hii haina kazi. Tafuta wasaidizi wako." Wasaidizi! Ningewaendeaje? Niseme nini? "Shikamoo mama, mimi ndiye bosi wako"?

Jumatatu nilifika giza bado halijatoka. Nilipasua kuni. Niliwasha moto. Nilipanga madumu matupu mstari mmoja. Kukapambazuka, sikuona mtu. Nilipiga kengele ya asubuhi, watoto wakaingia darasani, sufuria imekaa kavu juu ya mafiga. Nilichukua madumu mawili nikashuka mtoni mbio, nikarudi, maji yakafunika kitako cha sufuria tu. Nilipomimina dumu la pili nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Alikuwa mjomba. Shuka, fimbo, ndala za tairi zenye vumbi la safari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karatasi?"

Nilitoa karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliigeuza, akaukagua muhuri kama anavyokagua meno ya ng'ombe.

"Ni yenyewe," alisema. Akaitazama sufuria. Akatazama jiko lote. "Unapikia shule hii nzima peke yako?"

Niliongeza kuni motoni. Akakaa kwenye benchi, akaweka fimbo magotini. "Basi nitasubiri nione. Kikiiva, nakwenda zangu. Kisipoiva, tunakwenda wote."

Nilichukua madumu kurudi mtoni. Nilipofika kwenye ua wa minyaa nikasikia mluzi. Mwembamba, wa ndege mwenye mafua.

Masikio ya punda yalitokea kwanza, halafu madumu yaliyojaa yanayochuruzika, halafu mzee, na nyuma yake mama mpishi, mwiko wake wa nyumbani mkononi, anahema kwa kile kilima. Walisimama mbele yangu. Mama alitazamana na mzee, kisha akapiga goti kidogo, kama binti.

"Shikamoo, bosi."

Dumu liliniponyoka. "Hapana, mama! Usiniamkie!"

"Shikamoo, bosi," mzee naye akasema, uso uleule.

"Baba, tafadhali! Shikamoo! Shikamooni!"

"Tumekuamkia sisi kwanza. Itikia."

"Siwezi!"

"Basi hatufanyi kazi," mama alisema. "Kazi bila salamu ni ya wapi?"

Mjomba alikuwa amesimama kutoka benchi, mdomo wazi. Mama mzima, mwenye wajukuu, anamwamkia mtoto wa dada yake. Alitazama juu kama anayesubiri radi.

"Marahaba," nilisema, kwa sauti ya panya.

Hapo kicheko cha mama kilitoka, kile kisichojua njia ya kurudi. Alicheka mpaka akashika shingo ya punda. Mzee alicheka pia, mara ya kwanza kumwona anacheka, na alikuwa na pengo kubwa mbele ambalo muda wote alikuwa analificha.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema akifuta macho. "Kazi ni ileile. Yeye maji, mimi chungu, wewe kuni. Tutagawana kama zamani, na ukoko pia. Ila jina kwenye karatasi ni lako. Makande yakiungua, yameungua yako. Mkuu akigomba, anakugomba wewe. Sisi ni vibarua tu, hatujui kitu."

"Tunasifiwa na mdomo wa mwingine," mzee alisema.

Wakapita kwenda jikoni. Maji yalimiminwa, moto ukachochewa, mama akaanza kuimba na mzee akamwambia, "Dada, wimbo wowote, ila si ule." Mjomba alijikuta ameshika upande mmoja wa gunia la mahindi, kwa sababu mikono ilikuwa inamwasha, naye ni mtu wa kwetu.

Mimi nilibaki nje, na kitu kilinipanda kutoka miguuni. Sijui nielezeje. Ilikuwa kama maziwa yanapochemka ghafla. Mwaka mzima! Nilijikuta nimeshika nondo. Nilijikuta chini ya mgrevilea. Nilipiga ile rimu kama mtu anayefukuza nyani shambani, nikapiga kwa kasi, nikapiga kwa mdundo wa kucheza, mnyororo ukarukaruka na majani yakaniangukia kichwani.

Milango ikafunguka. Shule nzima ikamwagika na sahani zake, wadogo mbele, wanacheza, wanajipanga kutoka mlango wa jiko hadi goli la mpira. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ndani ya sufuria mahindi yalikuwa hata hayajaanza kupata joto.

Mkuu wa shule alitoka ofisini mbio, chai kwenye tai. "Nani? Saa ngapi hii? Nani kapiga kengele?"

Mama mpishi alichungulia mlangoni. "Muulize bosi," alisema. "Sisi ni vibarua tu."

Watoto wote walinigeukia. Walimu madirishani. Mjomba na gunia lake. Nilikuwa na nondo mkononi na majani kichwani, na hakukuwa na ukuta wa kugeukia.

"Ni mimi!" nilipiga kelele, na nikashtuka, kwa maana ilitoka, ilivuka uwanja, ikagonga bati la darasa la mbali. "Nimepiga mimi! Chakula bado!"

Kisha kutoka katikati ya mstari, msichana mmoja mdogo akaanza, kwa sauti nyembamba, na wote wakadaka: "Chumvi bado, ndugu yangu, chumvi bado..."

Mjomba aliondoka saa nane, baada ya kula mara mbili. Alisema anapitia Masakta kutafuta mchungaji, mtu mkimya kidogo kama inawezekana. Nilimsindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, nikarudi mbio, kwa sababu ilikuwa inakaribia muda wa kengele.